Naomba ushauri: trekta dogo la kubebea na kuhifadhi kuni nyumbani, nipange vipi kazi?

Kuni Kavu

Habari zenu wakuu. Nyumbani tunatumia kuni kupikia na kuchemshia maji, na sasa nina trekta dogo la nguvu za farasi 25 lenye kijiko cha mbele. Nilitegemea kazi ya kuni ingekuwa nyepesi, lakini mgongo bado ndio unaobeba.

Tunafanya hivi: magogo yanakatwa na kupasuliwa juu kwenye kilima, kuni zinarushwa kwenye kijiko, zinamwagwa mbele ya banda, tunazipanga ndani kwa mikono, zikikauka tunazitoa tena kwa toroli hadi jikoni. Kila kipande kinashikwa mara nne au tano kabla hakijafika motoni. Nataka zipungue.

Nimefikiria kuzipanga kwenye paleti, yale majukwaa ya mbao ya kubebea mizigo, au kwenye vile vizimba vya chuma vya matangi ya lita 1,000, halafu ninunue meno marefu ya chuma ya kubana kwenye mdomo wa kijiko ili nibebe kizimba kizima. Njia ina mteremko na mvua ikinyesha inakuwa tope. Banda lina mlango mmoja tu. Wenye uzoefu naomba mnisaidie, hasa kwenye uzito. Nitajuaje kama trekta linamudu?

Fundi Chuma

Mkuu, umeuliza swali lenyewe. Uzito ndio utakaoamua mengine yote.

Mti mgumu mbichi unaweza kufika kilo 1,000 kwa mita moja ya ujazo. Kuni zilizopangwa vizuri hujaza kama asilimia 65 ya nafasi, kwingine ni hewa. Kizimba hicho ni kama mita 1.2 kwa 1, kimo karibu mita 1. Kikijaa kuni mbichi zilizopangwa, hapo una kilo 600 na zaidi, na hujahesabu chuma na paleti iliyo chini yake. Ukizitupia tu bila kupanga zinaingia chache, labda kilo 450.

Sasa angalia mikono ya mbele ya trekta lako. Kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu mara nyingi hupimwa kwenye pini zinazoshika kijiko. Meno yanausogeza mzigo nusu mita au zaidi mbele ya pini hizo, na yenyewe yana uzito wake. Kitabu kikisema kilo 400, usishangae ukibaki na nusu. Yale ya kubana kwenye mdomo ndiyo mabaya kuliko yote, maana kijiko kizima kinakaa kati ya pini na mzigo, na mdomo wenyewe hupinda. Ukinunua meno, chukua yanayofungwa mahali pa kijiko baada ya kukitoa.

Tena haidroliki, yaani mfumo wa mafuta unaonyanyua mikono, kukubali kunyanyua si ruhusa. Uzito wote huo unaangukia ekseli ya mbele, na nyuma kunakuwa kwepesi mpaka matairi yanapoteza mshiko. Kila unapobeba mbele, funga uzito nyuma, kwa mfano pipa lililojazwa zege kwenye mikono ya haidroliki inayoshika plau.

Mama Bustani

Naongezea kwa Fundi. Kwa nini mzigo ukae mbele? Mikono ya nyuma ya trekta dogo kwa kawaida hunyanyua zaidi kuliko ya mbele, na uzito unakaa karibu na matairi makubwa. Sisi tunatumia fremu yenye meno mawili, inafungwa palepale pa plau. Unarudi nyuma taratibu, unaingiza meno chini ya paleti, unanyanyua kiasi cha kutogusa ardhi, unaondoka. Haipandi juu sana, lakini paleti ya kuni haina sababu ya kupanda juu. Mbele acha kijiko na mawe kidogo ndani, ili usukani usiwe mwepesi.

Ila jambo ambalo lingekusaidia kuliko kifaa chochote ni hili: usibebe maji. Tani moja ya kuni mbichi zenye maji asilimia 45 ina kilo 450 za maji. Zikikauka hadi asilimia 20 uzito wote unabaki kama kilo 690. Yaani kilo 310 hivi zimeondoka na upepo bila kutumia tone la dizeli. Wewe sasa unazishusha mbichi, unazikausha bandani. Geuza. Ukipasua kipande, mkono uleule ukipange kwenye paleti palepale kilimani. Funika juu tu kwa bati, pembeni pabaki wazi, paleti ikae juu ya mawe. Ziache huko. Miti laini inaweza kuwa tayari baada ya miezi sita hadi mwaka, migumu mara nyingi mwaka hadi miwili. Ukija kuzishusha ni nyepesi, na umechagua siku ambayo njia ni kavu. Kipande kinashikwa ukikipanga, halafu tena kikienda jikoni.

Tela Refu

Mimi sikubaliani sana na paleti. Tela ndogo inayomwaga nyuma inabeba mengi kwa mara moja, haina hesabu za pini wala meno. Kama njia ni ndefu, tela inashinda.

Mama Bustani

Ndugu Tela Refu, kwa magogo mazima nakubali kabisa. Kwa kuni zilizopasuliwa, ukishamwaga umerudi kuinama na kupanga, na ndicho mwenzetu anachokimbia. Na tela isiyo na breki ikiwa nzito kwenye mteremko inaweza kulisukuma trekta dogo.

Dereva wa Zamani

Hapo kwenye mteremko naomba msome polepole.

Trekta dogo ni jembamba, na mzigo ukiwa juu linapinduka haraka. Beba chini, karibu na ardhi, mwendo wote. Panda na kushuka ukiwa umenyooka na mteremko, usikate kwa ubavu. Upande mzito uelekee juu: mzigo ukiwa mbele, shuka kinyumenyume, ukiwa nyuma, shuka ukitazama chini. Kabla ya kuanza kushuka uwe tayari kwenye gia ndogo, usibadilishe katikati.

Fremu ya kumkinga dereva iwe imesimama na mkanda umefungwa. Fremu ikiwa imelazwa inakuwa pambo, na mkanda hapo unakuweka chini ya chuma.

Jambo ambalo wengi hawalifikirii: magogo ya mviringo kwenye kijiko. Ukikinyanyua juu na kukiinamisha nyuma, gogo linaweza kuviringika juu ya mikono hadi kwa dereva. Usibebe gogo juu kuliko boneti, na lifunge kwa mnyororo. Mtu yeyote asipande kwenye kijiko, hata kwa hatua chache, na watoto wakae mbali wakati wa kurudi nyuma.

Banda Pana

Kwa banda lenye mlango mmoja, tatizo ni kwamba kuni mpya hufunga njia ya kuni za zamani, unaishia kuchoma mbichi huku kavu ziko ukutani. Ukiweza, fungua na upande wa pili: paleti ziingie huku, zitoke kule. Usiweke kuta nzima, paa lenye mapana ya kutosha na nguzo vinatosha, upepo upite. Turubai la kufunika hadi chini linafungia unyevu ndani.

Pima kimo kutoka ardhini hadi ncha ya fremu ya kinga kabla ya kupandisha paa. Chini mwaga kokoto, na njia ya matairi pia, la sivyo tope litakuamulia siku za kazi. Akiba kubwa iwe mbali na nyumba, kwa ajili ya moto na mchwa, karibu na jiko weka paleti moja tu. Na usiache injini ikinguruma ndani ya banda lililofungwa. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu.

Kuni Kavu

Asanteni sana wakuu. Meno ya kubana nimeyaacha, nitamtafuta fundi wa fremu ya nyuma. Wazo la kukaushia kilimani halikuwahi kunijia, na pale juu kuna upepo mzuri. Maswali mawili yamebaki. Nitajuaje zimekauka bila kipimo? Na vile vizimba vya chuma bado vina faida, au paleti tupu zinatosha?

Mama Bustani

Chukua vipande vichache kutoka katikati ya paleti, vitie alama, vipime kwa mizani ya jikoni, andika uzito juu yake kwa kalamu. Rudia kila baada ya wiki kadhaa. Uzito ukiacha kushuka, kuni zimefikia kiwango cha hewa ya hapo, na kama zilifunikwa juu na upepo unapita, hapo ni kavu. Ukipata kipimo cha unyevu, kipasue kipande upya na uchome sindano kwenye uso mpya. Ukipima mwishoni pa kipande utadanganywa, ncha hukauka kwanza.

Fundi Chuma

Kizimba kina faida kwenye njia yenye mashimo, kuni hazimwagiki. Kata upande mmoja wa chuma hadi nusu ili uchukue bila kuinama ndani. Lakini uliza kwanza tangi lilibeba nini, likiwa la kemikali liache hukohuko, na plastiki ya ndani usiichome. Ukitumia paleti tupu, simamisha nguzo pembe nne, funga waya juu, na usizidishe kimo cha mita moja. Kabla ya zote, jaza moja nusu, inyanyue sehemu tambarare uone trekta linavyokaa, ndipo uongeze.

Kuni Kavu

Sawa Fundi. Naanza na paleti nusu, pale tambarare.