Boti za ngozi za kisiwa cha Ukivok: zilishonwaje zisivuje, na kwa nini watu walihama?

MwalimuChumbageni (Tanga)

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za leo.

Klabu ya historia ya sekondari moja hapa Tanga inaandaa meza ya maonyesho ya vyombo vya bahari vilivyoshonwa badala ya kupigiliwa misumari. Upande wetu wa pwani tumemaliza: tumechukua mtepe, mbao zake na kamba zake za makumbi. Upande wa pili wanafunzi wamechagua Wainuiti wa kisiwa cha Ukivok katika Bahari ya Bering, Alaska, ambacho ramani hukiita King Island. Picha walizopata zinaonyesha vijumba vya mbao vimesimama kwenye nguzo ubavuni mwa jabali, na ndani hamna mtu.

Nina maswali matatu. Ngozi ikishatobolewa sindano, maji yanazuiwa na nini? Mtepe ulivuja, mtu wa kukumba maji ngamani hakukosekana. La pili, watu karibu 200 waliishije juu ya mwamba usio na mti wala shamba? La tatu, waliondoka kwa sababu gani? Wanafunzi wameandika "baridi na njaa" na mimi sitaki kubandika ukutani jambo lisilo kweli.

Na kama kuna namna ya kuonyesha mshono wenyewe kwa vitu vinavyopatikana Tanga, nitashukuru sana. Tuna wiki 3.

FundiWaKaole (Bagamoyo)

Marahaba mwalimu. Nianze na boti, maana hapo ndipo penye kazi.

Boti yenyewe ni umiaki, chombo cha wazi cha watu wengi, futi 20 na zaidi. Kayaki ni nyingine, ya mtu mmoja, imefunikwa juu. Mbao za umiaki ni magogo yaliyookotwa ufukweni, kwa sababu kisiwani hakuna mti. Mito mikubwa ya Alaska kama Yukon huyamwaga baharini na mkondo huyasambaza. Mkuku, mataruma na mbao za ubavuni hazipigiliwi misumari. Hufungwa kwa vigwe vya ngozi na kukazwa kwa vijiti vya mti. Kiunzi kinabaki kinapinda. Kikigonga barafu kinabonyea na kurudi, wakati chombo kigumu kingepasuka mahali pale pale.

Ngozi ni ya walarasi, mnyama wa bahari wa jamii ya karibu na sili, mwenye pembe mbili ndefu zinazoning'inia kama za ndovu. Huchaguliwa jike. Dume ana ngozi nene mno, na shingo na mabega yake yamejaa vinundu na makovu ya kupigana. Hata ya jike ni nene, inafika sentimita 2 hivi, kwa hiyo haivishwi nzima. Kwanza hukunjwa na kuwekwa mahali pa joto mpaka manyoya yalegee na kung'oka kwa kukwangua. Kisha mwanamke fundi huipasua unene wake kwa ulu, kisu chenye umbo la nusu mwezi na mpini juu, akitoa ngozi mbili kutoka moja. Hiyo ndiyo kazi inayotenganisha fundi na mwanafunzi. Ulu ukizama kidogo tu umetoboa, na kila tundu ni kiraka ambacho baadaye kitalegea kabla ya sehemu nyingine.

Sasa mshono. Ncha mbili za ngozi hulazwa moja juu ya nyingine, hazigusanishwi kwa kingo kama mbao za mtepe. Sindano inaingia kwenye ngozi na kutokea upande ule ule ilikoingilia, ikiwa imeshika nusu ya unene tu. Haitokezi ng'ambo hata mara moja. Upande mmoja ukimalizika, ngozi inageuzwa na mstari wa pili unashonwa upande wa pili kwa namna hiyo hiyo. Ukitazama kwa makini mstari ule huoni tundu lolote linalopita moja kwa moja, ndiyo maana hakuna njia ya maji. Uzi nao ni wa kano za mnyama. Ukilowa unavimba na kujaza tundu lake. Kamba ya makumbi nayo hustahimili chumvi vizuri, lakini katika mtepe tundu lilipita ubao mzima, likabaki kutegemea kizibo.

Ngozi hushonwa ikiwa mbichi na yenye maji, huvutwa juu ya kiunzi ikiwa bado hivyo, na kingo zake hufungwa ndani kwa vigwe. Ikikauka inajikaza kama iliyowambwa kwenye ngoma.

Yanayoharibu ni haya. Boti ikikaa majini siku nyingi mfululizo ngozi inalainika na mishono inafunguka, kwa hiyo inapandishwa na kuanikwa. Ikianikwa kupita kiasi inapasuka, kwa hiyo hupakwa mafuta ya sili, kama sisi tunavyopaka vyombo vyetu sifa, yaani mafuta ya papa. Ikiachwa chini mbwa wanaila, kwa hiyo inakaa juu ya jukwaa la miti. Na hata ikitunzwa vizuri, baada ya miaka michache huvuliwa na kushonwa nyingine. Usisahau hilo la kushona upya, litakusaidia kwenye swali lako la tatu.

BintiMwambani (Tanga)

Naongezea kuhusu makazi, lakini kwanza naomba wanafunzi wasichore nyumba ya theluji. Wenyeji wa Ukivok ni Wainupiati, Wainuiti wa Alaska, nao hawakuishi humo. Neno iglu kwao ni nyumba tu, ya aina yoyote.

Kisiwa ni kidogo, upana wake kama kilomita 1.6, na kinainuka mita zaidi ya 300 kutoka majini. Kijiji kiko upande wa kusini kwenye mteremko mkali, nyumba ya jirani iko juu ya paa lako. Zamani kulikuwa na nyumba za majira ya baridi za mawe na udongo zilizochimbiwa ubavuni mwa kilima, na nyumba za kiangazi za ngozi ya walarasi juu ya nguzo. Zile za mbao mnazoziona pichani zilikuja baadaye lakini zimefuata nguzo zile zile, zimefungwa kwa kamba zisichukuliwe na upepo.

Chakula hakikuwa cha kubahatisha. Mwezi Mei na Juni barafu inapokatika, walarasi hupita kuelekea kaskazini wakiwa wamelala juu ya vipande vya barafu, na umiaki ziliwafuata. Hapo ndipo ghala la mwaka lilijazwa. Majira ya baridi ni sili kwenye barafu na kaa wanaovuliwa kwa mshipi kupitia tundu. Kiangazi ni mayai na ndege wa majabalini, na majani ya porini ambayo wanawake waliyachuma na kuyahifadhi katika mafuta ya sili. Mafuta yenyewe hukaa ndani ya ngozi nzima ya sili iliyofungwa shingo, yaani kiriba.

Nyama iliwekwa pangoni. Karibu na kijiji kuna pango ambalo sakafu yake haiyeyuki hata kiangazi, likawa ghala la kijiji kizima. Usalama wa ghala ni ubaridi usiokatika pamoja na chombo kinachopitisha hewa. Alaska imeonekana mara nyingi kwamba nyama na vyakula vingine vya namna hii vinavyoachwa vichachuke vikiwekwa kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko, mahali pa vuguvugu, vinazalisha sumu ya botulini inayopoozesha na kuua. Kwa hiyo mwanafunzi asiandike kwamba watu hawa walikula nyama iliyooza. Walikuwa na kanuni, na kanuni ikivunjwa mtu anakufa.

Hatari kubwa ilikuwa barafu yenyewe. Pale kisiwani haishiki pwani ikatulia, inasukumwa na mkondo na upepo. Mwindaji alitembea na fimbo ndefu yenye ncha upande mmoja na kulabu upande wa pili, akichoma mbele yake kabla ya kukanyaga. Upepo ukigeuka nyuma yake, anaondoka na barafu aliyosimama juu yake.

MwalimuChumbageni

Ahsanteni mno. Nimesoma sehemu ya sindano mara tatu ndipo nikaiona. Fundi, umesema kushona upya kutanisaidia kwenye swali la tatu. Kwa vipi?

MsomajiWaDunda (Bagamoyo)

Niruhusu nijibu hili, mwalimu.

"Baridi na njaa" futeni. Kapteni James Cook alipopita mwaka 1778 na kukipa kisiwa jina la ofisa wake James King, watu wa Ukivok walikuwapo, na baridi ilikuwapo. Wala hawakuwa wamejifungia. Dhahabu ilipogunduliwa Nome mwaka 1898 mji ukazuka pale bara, wakaufanya soko lao. Kila kiangazi walivuka kwa umiaki, wakapiga kambi pembeni mwa mji, wakauza pembe za walarasi walizochonga, na kabla ya baridi wakarudi kisiwani. Ni kama kilomita 145. Mtu wa Tanga apige hesabu ya kwenda Bagamoyo kwa bahari akiwa na watoto, mbwa na mizigo katika chombo cha ngozi. Bara la karibu zaidi ni kilomita 64 hivi, kama Tanga hadi Wete.

Kilichokata mzunguko huo ni shule. Mwaka 1959 idara ya serikali ya Marekani inayosimamia wenyeji iliifunga shule ya kisiwani. Mojawapo ya hoja ilikuwa jiwe kubwa lililo juu ya jengo, kwamba lingeweza kuporomoka. Watoto ikabidi wasome bara. Sasa rudi kwenye maelezo ya fundi na ya binti. Nani anachuma majani? Nani anapanda jabali kutafuta mayai, nani anabeba nyama kutoka kwenye boti mpaka pangoni, nani anashika ncha ya pili ya ngozi mbichi wakati mama anashona? Watoto na wazazi wao, pamoja. Mzazi akimfuata mtoto Nome, mikono inapungua. Mikono ikipungua, ghala halijai na boti haivishwi ngozi mpya kwa wakati. Wazee waliobaki hawakuweza kuubeba mwaka mzima peke yao. Kufikia 1970 hakuna aliyeishi kisiwani mwaka mzima.

Kwa mtazamo wangu neno "walihama" ni laini mno kwa jambo hili. Hakuna aliyewatoa kwa bunduki, ni kweli, lakini aliyeondoa watoto aliondoa nusu ya wafanyakazi wa kijiji. Andikeni mfuatano huo wazi wazi.

Na msiandike kwamba wametoweka. Jamii yao ipo Nome mpaka leo, ina baraza lake na inacheza ngoma zake. Paul Tiulana, kiongozi wao aliyepoteza mguu alipokuwa jeshini, alitambuliwa na taifa la Marekani mwaka 1984 kwa kuendeleza ngoma na uchongaji. Kuanzia 2005 mwanaanthropolojia Deanna Kingston, ambaye asili yake ni kisiwa hicho, aliongoza mradi uliorudisha wazee kisiwani ili majina ya kila jabali na kila ghuba yaandikwe kutoka vinywani mwao.

MpigaMsondo (Bagamoyo)

La haraka kuhusu ngoma, kwa kuwa imetajwa. Zao ni duara jembamba la mti lililowambwa utando wa tumbo la walarasi, na hupigwa kutokea chini kwa kijiti kirefu chembamba. Sisi ngoma ikilegea tunaiotesha moto. Wao hunyunyizia utando maji, maana ni mwembamba na ukikauka unapasuka katikati ya wimbo. Wanafunzi wakiweka picha ya ngoma, waweke na chombo cha maji pembeni.

Zilipigiwa kwenye qagri, nyumba ya wanaume, mahali pa kuchonga pembe, kufundisha vijana na kucheza majira ya baridi. Kijiji kilikuwa na tatu.

FundiWaKaole

Mwalimu, kwa wiki 3 usijaribu boti nzima. Tengeneza bakuli la ngozi lenye mshono mmoja katikati, lijaze maji, watu waone halivuji. Hilo linafundisha zaidi.

Chukua ngozi mbichi ya ng'ombe machinjioni, sehemu ya mgongo. Ya mbuzi haifai hapa, ni nyembamba, sindano haina nusu ya kushika. Iloweke kwenye maji ya chokaa siku 4 au 5, ukigeuza kila siku, wavae glavu. Manyoya yakilegea, kwangua kwa ubapa wa kisu, kisha suuza kwa maji mengi mpaka utelezi wa chokaa uishe. Wenyeji wa Ukivok hawakutumia chokaa, andika hivyo kwenye kadi, lakini njia yao ya joto darasani haitavumilika kwa harufu.

Kano muombe muuza nyama, ile ndefu ya mguu wa nyuma. Ianike kivulini siku 3, ipondeponde kwa nyundo ya mti mpaka ifumuke nyuzi, ilowanishe, sokota nyuzi 3 au 4 pamoja. Uzi wa viatu wa nailoni utashona vizuri lakini hauvimbi, na utakuwa umepoteza nusu ya somo.

Kata vipande viwili, vipandishe sentimita 3. Shona kwa sindano nyembamba imara, shazia la magunia ni nene mno na litapasua. Kila baada ya pigo tano geuza ngozi utazame ng'ambo. Ukiona ncha ya uzi, fumua na urudie, usijipe moyo kwamba uzi utavimba. Mstari wa kwanza ukiisha, geuza ushone wa pili. Ngozi ikianza kukauka mkononi simama uilowanishe.

Iwambe juu ya duara la fito mbili lililofungwa vijiti vya kukata katikati, maana ngozi ikikauka inavuta kwa nguvu na duara tupu litageuka yai. Kausha kivulini. Siku ya maonyesho mimina maji saa moja kabla ya wageni kufika. Dakika za mwanzo unaweza kuona unyevu kwenye mshono. Subiri, usilimwage: kano bado inakunywa.