Ushauri: watu 14 kutoka Lubumbashi kwenda Kitwe na Mbala, wazee wanne ndani. Tupite wapi?

Mwalimu wa Katuba

Wandugu, jambo kwenu.

Tuko kikundi kidogo cha wapenda historia hapa Lubumbashi. Walimu wa sekondari sita, wanafunzi watatu, mama mmoja muuza vitabu vya mtumba, na wazee wanne waliostaafu migodini na relini. Tunakutana Katuba Jumamosi moja kila mwezi, chini ya mwembe, tunabishana mpaka mbu watufukuze.

Mwezi wa nane chuo kikuu kimoja cha Kitwe kitakuwa na mkutano wa siku mbili kuhusu vita ya kwanza ya dunia barani Afrika. Tulituma mada juu ya wapagazi wa Kongo, wakaikubali. Kumbukeni Force Publique, jeshi la kikoloni la Wabelgiji hapa Kongo, ilipokwenda kuteka Tabora kwa Wajerumani, wakaiingia tarehe 19 Septemba 1916, nyuma ya askari kulikuwa na watu wa kubeba. Kwa vita nzima wanahesabiwa kama 260,000 upande wa Kongo peke yake. Generali Tombeur aliyeliongoza jeshi hilo, aliyekuwa mkubwa hapa Katanga kabla ya vita, alipewa cheo na heshima. Wale wa mizigo hata majina yao hatuna.

Sasa, furaha ilipopanda, mmoja akasema: tukishavuka mpaka, kwa nini tuishie Kitwe? Twende mpaka Mbala, kaskazini mwa Zambia, ile iliyoitwa Abercorn, pale von Lettow-Vorbeck, mkuu wa jeshi la Wajerumani Afrika Mashariki, aliposalimisha silaha tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya Ulaya kunyamaza. Wote wakapiga makofi. Mimi katibu ndiye niliyebaki na hesabu.

Maswali yangu: tupite njia gani, tukodi gari huku au kule, na wazee watahimili? Mkubwa wao ana miaka 81 na ndiye anayetusukuma kuliko vijana. Baba yake alichukuliwa akiwa kijana, akabebeshwa mizigo, akarudi na bega moja limeshuka. Hakusimulia kitu. Alikuwa akitaja neno moja tu, "Sayisi", hasa akiwa na homa. Nyumbani walidhani ni jina la mwanamke, na mama mkubwa hakulipenda hata kidogo. Tumelitafuta kwenye ramani zetu, hakuna.

Dereva Mustafu

Mwalimu, nimeendesha njia ya mpaka wa Kasumbalesa miaka kumi na tisa, basi unisikilize muzuri.

Kwanza, mutoke Lubumbashi saa kumi ya usiku. Mpaka ni kama kilomita 90 na kitu, lakini si kilomita njo zinachelewesha watu, ni malori. Mukifika kumekucha na malori yamesimama mistari mitatu, siku imekufa.

Pili, kule wanaendesha kushoto. Mutacheka, lakini nimeona dereva muzuri kabisa wa huku anatoka Chingola asubuhi, anasimama kununua mandazi, anaondoka, na akili yake inarudi kulia. Lori lilikuwa linakuja. Alimaliza safari amekaa kwa kiti cha abiria. Kama munakodi gari la huku, dereva awe na mazoea ya kule, si shemeji ya mutu.

Tatu, kuna kadi mbili za njano. Moja ni ya chanjo ya homa ya manjano, kila mutu anabeba yake. Ingine ni ya bima ya gari, ile ya COMESA, jumuiya ya soko ya nchi zetu. Zote huku tunaziita kadi ya njano, na hapo njo shida inaanzia. Siku moja kiongozi wa kwaya aliniapia kadi ya njano iko. Tulipofika alitoa ya chanjo, ya kwake peke yake, na wanakwaya wako ishirini na mbili ndani ya basi. Waliimba pale mpakani mpaka jioni.

Na jeton, kile kikaratasi cha kuvukia mpakani, haitawafikisha Mbala. Ni pasipoti. Mambo ya viza muulize konsula ya Zambia pale Lubumbashi, musiulize mutu wa barabarani.

Kijana wa Likasi

Samahani Mwalimu, mimi mdogo wenu, lakini nashangaa. Mnapita zaidi ya kilomita elfu kwenda tu, na hapa Likasi mnapita kila siku bila kusimama. Septemba 1961, Katanga imejitenga na Kongo na mji bado unaitwa Jadotville, Waairishi wa Umoja wa Mataifa, kompania moja ya watu kama 155 chini ya Pat Quinlan, walizingirwa na jeshi la Katanga siku tano, risasi na maji vikawaishia wakajisalimisha. Hakufa hata mmoja wao. Watu wanatoka Ireland kuja kuangalia. Sisi wa hapa tunapita tunakwenda kununua makaa.

Mwalimu wa Katuba

Mdogo wangu, umenipiga palipo na kidonda. Likasi tulikwenda mwaka juzi, na muzee mmoja wetu alikuwa mtoto pale wakati huo. Anakumbuka ndege, na anakumbuka kuchapwa fimbo kwa sababu alitoka nje kuitazama ile ndege. Lakini kweli, tulikaa saa mbili tu. Tutarudi, na utatuongoza wewe.

Bashi Mutale, Kitwe

Mwaiseni, karibuni. Naandika Kiswahili cha kujifunzia Lubumbashi, mtanivumilia.

Hamtoki Lubumbashi kwenda Mbala kwa siku moja na wazee. Gaweni hivi. Kitwe siku za mkutano. Kisha Ndola, ambako ni karibu kama saa moja, na msipite bila kuona mahali ndege ya Dag Hammarskjöld, katibu mkuu wa Umoja wa Mataifa, ilipoanguka usiku wa kuamkia tarehe 18 Septemba 1961. Ninyi ndio wenye hadithi hiyo kuliko sisi: alikuwa anakuja kuonana na Tshombe, kiongozi wa Katanga, na Tshombe alikuwa ameshafika Ndola anasubiri. Vita vya Elisabethville, ndiyo Lubumbashi yenu, na vya Jadotville anavyosema huyu kijana ni vya wiki hiyo hiyo. Kwa hiyo hata mkiwa njiani kuelekea 1918, 1961 itawadai chake.

Toka Ndola kwenda Kapiri Mposhi, Serenje, mkalale Mpika. Siku inayofuata, kabla ya Kasama, simameni kwenye daraja la Chambeshi. Kuna mnara pale. Unasema hapo ndipo von Lettow-Vorbeck alipoambiwa na Hector Croad, mkuu wa wilaya ya Kasama, kwamba vita imekwisha. Tarehe 14 Novemba 1918, saa moja na nusu asubuhi, siku ya Alhamisi. Saa wameiandika. Jeshi lake lilikuwa limeshaingia Kasama kabla ya hapo, na Ulaya walikuwa wamenyamaza tangu tarehe 11.

Mimi nikifika pale huwa nafikiria kitu kimoja. Huenda kuna watu walikufa baada ya tarehe 11 kwa sababu habari ilikuwa bado iko njiani.

Njia nyingine ni ya Mokambo, mnakatiza kile kipande cha Kongo kilichoingia ndani ya Zambia mpaka Chembe, mnavuka mto Luapula kwa daraja lililofunguliwa 2008, halafu Mansa, Luwingu, Kasama. Ni fupi. Lakini mtakosa Chambeshi, na mnavuka mpaka zaidi ya mara moja na watu 14. Mimi singeichagua.

Mbala ni juu sana, mwezi wa nane usiku unauma. Wazee wabebe makoti ya kweli. Na watu wa Kasama ni Kibemba mtupu, kwa hiyo yule mwenye bibi Mubemba kwenye kikundi chenu, na najua yuko, akae mbele karibu na dereva.

Mtu wa Ujiji

Kwani treni ya TAZARA, ile ya Tanzania na Zambia, haifai? Kapiri Mposhi mpaka Kasama mnalala tu. Na mkifika Mbala shukeni Mpulungu mkaulizie meli ya Liemba. Ilijengwa Ujerumani 1913 kwa jina la Graf von Götzen, Wajerumani wakaizamisha wenyewe hapa Kigoma mwaka 1916 Wabelgiji walipokaribia. Waingereza wakaiibua.

Bashi Mutale, Kitwe

Kaka, treni ni nzuri kwa mtu mmoja asiye na tarehe ya kurudi. Kwa watu 14 wenye wazee, aulize kwanza stesheni kama abiria wanabebwa wiki hiyo, na hata akijibiwa ndiyo asipange juu yake.

Mama Kapinga

Nimesoma minara, nimesoma meli, sijaona mtu amesema choo.

Mwalimu, mimi nimepeleka wamama wa parokia safari nne. Mtu wa miaka 81 anasimama kila saa moja na nusu, na hataomba. Ataona haya mbele ya wanafunzi, atavumilia mpaka avimbe miguu. Kwa hiyo wewe ndiye useme, "Dereva ana kiu, tusimame." Kila mara dereva ana kiu. Mumwambie dereva mapema, asikatae mbele ya watu.

Dawa za presha zikae kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye sanduku juu ya gari. Kikwembe kimoja kila mzee, kwa miguu.

Makuta: kotizasio, yaani michango, ikusanywe yote miezi miwili kabla, iandikwe kwenye daftari, na ikae kwa watu wawili. Sisi tulimpa mtu mmoja pesa ya basi, mtu wa kuaminika, anasali mstari wa mbele. Basi halikuja. Naye hakuja kusali tena. Na mkifika kule badilisheni kwacha kidogo kidogo, msibadilishe zote mpakani kwa wale vijana wanaohesabu haraka.

Jambo lingine. Mkutano ni Kiingereza, si ndiyo? Wazee watakaa siku mbili kwenye viti vya plastiki wakisikiliza lugha wasiyoijua? Pelekeni walimu wanaosoma mada, na wanafunzi wawatafsirie. Wazee waje siku ya tatu wakutane nanyi Kitwe, wakiwa wamelala.

Mwalimu wa Katuba

Mama, hilo la mwisho sikuwa nimeliwaza. Asante sana. Na la kiu pia.

Karani wa Zamani

Nimechelewa kuuona uzi huu. Mwalimu, umeandika "Sayisi" katikati ya maneno ya gari na pesa, watu wakapita. Mimi nimekwama hapo.

Saisi si mwanamke. Ni mto, mashariki mwa Mbala. Mwaka 1915 Waingereza walikuwa na ngome pale, karibu na mpaka wa Afrika Mashariki ya Wajerumani, na hawakuwa peke yao: askari wa Force Publique walipelekwa upande huo wa Abercorn kuwasaidia. Mwishoni mwa Julai Wajerumani wakaja chini ya Generali Wahle, wakaizingira siku kadhaa, wakaondoka mwanzoni mwa Agosti bila kuipata. Mwezi wa nane, Mwalimu. Mwezi wenu huo huo.

Kama muzee ana miaka 81 na baba yake alimzaa akiwa mtu mzima wa arobaini na kitu, miaka inakubali. Sisemi ndivyo ilivyokuwa, nasema inakubali.

Kwa hiyo ningebadilisha mambo mawili kwenye mpango. La kwanza, Mbala yenyewe si uwanja wa vita, ni mahali pa kuweka bunduki chini. Siku ya kusalimu amri walihesabu Wazungu 155 na askari 1,168, mpaka yule wa mwisho. Mada yenu ni ya wapagazi, basi ulizeni kwenye mkutano nani aliwahesabu wao. Watu wa Zambia wana neno lao, mtenga-tenga. Mlitumie, ukumbi utageuka kuwatazama.

La pili, mkifika Mbala anzeni na makumbusho ya Moto Moto. Jina ni Kiswahili kweli, lilikuwa jina la utani la Askofu Dupont wa Mapadri Weupe, inasemekana kwa sababu ya kuomba moto wa kiko chake kila saa. Waulizeni wafanyakazi wa pale mtu wa kuwapeleka Saisi, na waandikieni kabla hamjaondoka Lubumbashi. Msiende porini na wazee wanne mkitegemea simu. Siku moja nzima iwe ya Saisi peke yake. Ikibaki nusu siku, ndiyo ya maporomoko ya Kalambo, ambako mwaka 2023 wanasayansi walitangaza mbao zilizochongwa na kuunganishwa na watu miaka 476,000 iliyopita. Lakini ikibaki. Kalambo imesubiri sana, itasubiri tena.

Dereva Mustafu

Muzee Karani, unatuliza mutu.

Mwalimu, kwa ile njia ya Saisi basi dogo la chini halifai. Muulize mutu wa makumbusho kama kuna gari la juu la kukodi pale Mbala, siku moja tu.

Mwalimu wa Katuba

Wandugu, nimekaa siku tatu bila kujibu, mnisamehe.

Tumekubaliana hivi. Kasumbalesa, gari la kukodi Kitwe na dereva wa kule kule. Sita tunatangulia kwenye mkutano, wanane wanakuja siku ya tatu na mwanangu. Ndola nusu siku, kulala Mpika, Chambeshi asubuhi, Mbala kulala mara mbili, siku moja ya Saisi. Kalambo tumeifuta, wanafunzi wamenuna. Daftari la kotizasio liko kwa mama wa vitabu na kwangu. Nimewaandikia watu wa makumbusho, nangoja.

Jana nilikwenda kwa muzee na maneno ya Karani nimeyaandika kwenye karatasi. Nikamsomea taratibu. Sikumwambia ni hakika, nilimwambia miaka inakubali. Akaniomba niseme tena lile jina, kisha akalisema yeye, kwa namna baba yake alivyolisema, na akaita mke wake kutoka jikoni. "Njoo usikie. Ni mto."

Mama akacheka mpaka akakaa chini. Halafu muzee akaniuliza kama Mbala kuna vumbi sana, kwa sababu koti alilo nalo ni jeusi.