AC moja nyumba nzima, juu kunawaka chini kuna baridi: nigawe zoni?

mkaa_juu:
Wakuu habari zenu. Nyumba ni ya ghorofa, AC moja kubwa inasukuma hewa kwenye dakti (mabomba ya hewa) na thamostati, kile kidude cha kuweka nyuzi, iko sebuleni chini. Mchana chini poa kabisa ila vyumba vya juu havikaliki, nikishusha nyuzi juu kupoe, wa chini wanajifunika mablanketi. Fundi mmoja kasema nigawe zoni mbili, yaani juu na chini kila moja ijitegemee, mwingine kasema nifunge tu matundu ya hewa ya vyumba visivyo na mtu. Nimsikilize nani?

fundi_baridi:
Matundu usifunge mkuu. Ukiyafunga AC haijui, feni inaendelea kusukuma hewa ileile, inakosa pa kupita, presha inapanda, makelele yanaanza, na hewa ikipungua juu ya koili (bomba la kupozea hewa) koili inaganda barafu na mwisho wa siku kompresa, ile pampu ya gesi, ndo inaumia. Zoni ni kitu kingine, kila zoni ina thamostati yake na ndani ya dakti kuna dampa (vilango vya hewa) zenye mota, boksi la kontroli ndo linafungua na kufunga kulingana na zoni ipi inaomba. Ila muulize huyo fundi wako, AC yenyewe ni ya spidi moja au ni inveta, ile inayobadilisha spidi? Kama inajua kuwaka na kuzima tu, zoni ndogo ikiomba peke yake unarudi kwenye shida ileile ya presha.

Pili_wa_Dakti:
Si anaweka baipasi tu, dakti ya pembeni, ile hewa ya ziada inarudi kwenye AC?

fundi_baridi:
Inarudi ikiwa imeshapoa, Pili, halafu inapozwa tena, koili inazidi kuganda. Mimi siipendi kabisa. Bora inveta inayopunguza spidi, na zoni zisiwe ndogo sana.

mama_dari:
Mi naona aanzie darini, joto la juu jingi linatokana na paa, kama hakuna insulesheni hata zoni kumi hazitamsaidia. Na kama dakti za juu ni nyembamba au zinavuja, aweke spliti (AC ya ukutani isiyotumia dakti) huko juu aachane na kubomoa dari. Ila kama spliti hiyo ni ya kompresa moja kwa vyumba kadhaa ajue vyumba vyote vitapoa au vitapata joto kwa pamoja, nyingi haziwezi kufanya yote mawili kwa wakati mmoja.

mkaa_juu:
Asanteni sana. Insulesheni haipo kabisa, na AC ni ya spidi moja. Naanza na dari, zoni baadaye nikibadilisha mashine.