Yule mkopeshaji wa kausha damu (mikopo ya riba ya kukamua) wa stendi kampa baba yangu buku tano ya pensheni yake mwenyewe!

Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Jamaa mnamjua, wa kibanda cha bluu, anayevaa miwani ya jua hata saa mbili usiku. Leo tarehe 25 nimemsindikiza mzee wangu ATM. Mwalimu wa msingi, miaka 36 anakula vumbi la chaki. Tunafika, jamaa keshatangulia, kashika kadi za wastaafu kazifunga kwa mpira kama karata, kila moja kaibandika karatasi yenye namba ya siri. Kachomeka ya baba, kavuta hela yote, kalamba kidole, kahesabu mbele yetu, kamrushia baba buku tano: "Mzee, kanywe soda."

KANYWE SODA! Baba ndiye aliyemshika mkono huyo mtu kuandika herufi a!

Alikopa laki tano mwaka jana amtibu mama. Keshalipa milioni moja na laki nane, deni bado laki tano ileile. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ipo tangu 2018, ila kibandani kwake sijaona leseni. Na baba akamjibu "asante mwanangu". Buku tano, soda, asante! Chakula hakipiti.

Mnyonge wa Kibaha: Pole mkuu. Kesho asubuhi mpeleke mzee benki, kadi ya zamani ifungwe, apewe mpya yenye namba mpya. Jamaa abaki na plastiki.

Chuma Chakavu: Laki tano tu mzee akakope stendi, na mtoto ana bando la kuanzisha uzi?

Mleta uzi: Hakuniambia! Wazee hawasemi. Ungeona alivyolamba kile kidole!

Mstaafu 2023: Mnahangaika na wa stendi. Mimi kikokotoo, ile hesabu ya mafao, kimenipa mkupuo 33%. Kaka yangu, wa PSPF, mfuko wa zamani wa pensheni wa watumishi wa umma, alichukua 50%. Kazi ileile, mkoa uleule!

Mjukuu wa Pili: Bibi yetu alipigiwa simu: "Mafao yamekwama, tuma laki mbili tufungue faili." Kauza mbuzi, katuma. Namba haipatikani hadi leo.

Chuma Chakavu: Mbuzi wangapi hao wa laki mbili?

Mjukuu wa Pili: Wawili.

Mgogo Halisi: Wawili?! Kapigwa mara mbili huyo bibi. Na hapo hujamtaja dalali wa mnadani, anakukata elfu kumi kila kichwa na hata kamba hajashika.