Army, Navy au Air Force: wapi nitapata uuguzi na chuo?

BintiWaHouston: Habari zenu wadau. Nina miaka 21, niko Houston, nina grinikadi. Saa hizi nafanya CNA, yaani msaidizi wa wauguzi, kwenye nyumba ya wazee na kolejini nachukua masomo mawili tu maana ada inanimaliza. Lengo langu ni RN, yaani muuguzi kamili aliyesajiliwa. Nimefikiria jeshi la huku Marekani, wanifundishe utabibu alafu baadae walipie chuo. Rikruta wa Army ananambia niwe mediki, shosti wangu yuko Navy anasema niende kwao, mama anasema kama ni lazima basi Air Force. Mliopita huko, njia gani inanifikisha kwenye uuguzi? Sijasaini kitu bado.

Afande_Mstaafu: Mdogo wangu vizuri hujasaini. Mimi nilikuwa 68W, yaani huyo mediki anayekwambia, miaka 5. Depo wiki 10, alafu kama wiki 16 Fort Sam Houston pale San Antonio, unafundishwa kuzuia damu, kufungua njia ya hewa, kumtoa majeruhi kwenye risasi, na ile kazi naipenda mpaka leo. Ila cheti cha kiraia unachotoka nacho ni EMT, yaani mhudumu wa dharura wa ambulensi. Nilipotoka nikaenda kuomba kazi hospitali nikijua miaka yangu itahesabika, mtu nimemwekea dripu gizani gari linatembea, wakaangalia karatasi wakasema kwa hiki nafasi yako ni kwenye ambulensi. Iliniuma sana. Wewe uliza 68C. Huo ni uuguzi wenyewe, karibu mwaka mzima wa masomo, darasani kwanza alafu wodini kwenye hospitali ya jeshi, mwisho unafanya mtihani wa leseni, NCLEX-PN, unatoka LPN, yaani muuguzi mwenye leseni, ngazi moja chini ya RN. Hiyo LPN hospitali yoyote inaijua na kutoka hapo kwenda RN vyuo vingi vina njia fupi. Mimi rikruta hakunitajia kabisa kama ipo.

Baharia_HM: Naongezea upande wa Navy. Huku tabibu anaitwa HM (Hospital Corpsman) na shule ni hapo hapo Fort Sam Houston. Uzuri wake HM ni mlango mpana, ukishaingia unaweza kuongeza fani, maabara, eksirei, chumba cha upasuaji. Lakini dada ujue kabisa kwamba Marines hawana matabibu wao, wanatumia sisi, kwa hiyo unaweza kusaini ukiwaza hospitali San Diego ukajikuta unabeba begi porini na Marines. Mimi nilipelekwa, sijutii, ila mama yako aambiwe mapema.

MkeWaRubani: Mama ana hoja jamani. Air Force wana koleji yao, CCAF, mafunzo ya kazi yanageuka kredit za chuo mpaka unapata digrii ya miaka miwili bila kuhama kituo. Kazi ya utabibu inaitwa 4N0, wengi wako klinik na wodini. Angalizo langu moja, usikubali kuingia bila kazi kuandikwa kwenye mkataba, ukisaini ile ya wazi wanakupanga wanapotaka na ndoto ya uuguzi inabaki nyumbani.

Kaka_wa_Dallas: Kuhusu chuo msimchanganye binti, GI Bill, ule mpango wa serikali wa kumlipia askari masomo, ni ile ile majeshi yote. Ukitumikia miezi 36 ya jeshi la kudumu unapata asilimia 100, wanalipa miezi 36 ya masomo, ada yote ya chuo cha serikali kwa mkazi wa jimbo, pesa ya nyumba kila mwezi, na vitabu hadi dola 1,000 kwa mwaka. Ukiwa bado kazini kuna msaada mwingine hadi dola 250 kwa kredit, kwa hiyo GI Bill usiiguse, itunze kwa ajili ya RN. Wanaokushauri Reserve, jeshi la akiba la muda, waulize vizuri, wikendi za mazoezi hazihesabiki kwenye hiyo miezi 36. Na lingine, RN jeshini ni ofisa, na ofisa lazima awe raia. Wewe wa grinikadi ukishaanza kazi omba uraia mapema, askari halipii ile fomu ya kuomba uraia, N-400. Ukishakuwa raia kuna programu za kumpeleka askari wa kawaida kusomea BSN, digrii ya uuguzi, na mshahara unaendelea. Alafu mkataba hata ukisema miaka 4, jumla ni 8, inayobaki unakuwa kwenye akiba, wanaweza kukuita.

BintiWaHouston: Asanteni sana, hiyo ya EMT na LPN hakuna aliyenieleza. Jumanne narudi kwa rikruta, 68C iandikwe kwenye mkataba, kama nafasi hakuna nitasubiri. Afande, alama za ASVAB, ule mtihani wa kuingia jeshini, ngapi?

Afande_Mstaafu: Zinaangaliwa alama mbili za ASVAB, GT 107 na ST 101. GT inatokana na msamiati, kusoma na kuelewa, na zile hesabu za maneno, anza nazo hizo leo. Na usiende kufanya mtihani ukitoka zamu ya usiku.