Mzizi wa dangshen kwa mzee aliyepoteza hamu ya kula: naupikaje?

BintiWaKibosho (Moshi)
Shikamooni wakubwa, wengine habari za jioni. Baba ana miaka 74. Alilazwa kwa homa ya mapafu, akapona, lakini tangu arudi nyumbani chakula hakipandi. Mtori anaonja vijiko viwili anasogeza bakuli, tumbo linajaa gesi, na kutoka mlangoni hadi banda la ng'ombe lazima akae kwanza. Huyu ni mtu aliyekuwa akipandisha kihamba na mkungu wa ndizi begani.

Mdogo wangu anafanya kazi na Wachina kwenye ujenzi wa barabara. Msimamizi wao kampa kifurushi cha mizizi mikavu, akasema ni dangshen, ichemshwe na kuku, kwao wazee hupewa wakitoka kuugua. Mingi ni mirefu, ina mikunjo, rangi ya kahawia ya manjano. Nimetafuna kipande, ni kitamu. Karatasi yake yote ni Kichina. Baba anameza dawa za presha kila asubuhi. Naomba anayejua, si anayeuza. Baba yangu simfanyii majaribio.

Lanzhou_Ngaramtoni
Pole kwa kuuguza, dada. Nilisoma Lanzhou, mkoa wa Gansu, na huko ndiko inakolimwa kwa wingi. Wengi huitumia badala ya ginseng, mzizi mwingine wa kuongeza nguvu, maana ginseng ni ghali na kali zaidi. Kwa tiba yao, bandama ndilo linalogeuza chakula kuwa qi, nguvu ya mwili. Likilegea, mtu anakosa hamu ya kula, choo kinakuwa laini, pumzi zinakata kwa kazi ndogo. Hapo ndipo dangshen inapoingia. Mwaka 2023 serikali ya China iliiweka kwenye orodha ya vitu vinavyoruhusiwa kuwa dawa na chakula pia.

Angalia kichwa cha mzizi: kina vinundu vingi vidogo, makovu ya mashina ya zamani, na chini yake mikunjo ya pete. Vipande bapa vya manjano vyenye nyuzi na ladha ya maharage mabichi ni huangqi, mzizi mwingine kabisa. Ukikuta weupe uliozidi na harufu ya uchachu, imefukizwa kwa salfa. Hiyo usimpe.

Kipimo rasmi cha China ni gramu 9 hadi 30 kwa siku. Kwa mzee anzia gramu 9. Osha, loweka nusu saa, chemsha na kuku wa kienyeji na tangawizi kwa moto mdogo, saa moja na nusu. Chumvi kidogo tu.

NesiWaZamu (Arusha)
Dada, kabla ya sufuria, mwaga kifurushi chote mezani uone kama kuna mizizi ya aina mbili. Wachina huichanganya dangshen na gancao, mzizi mtamu sana, na gancao ikitumika mfululizo hupandisha presha na kushusha madini ya potasiamu mwilini. Mizizi kuchanganywa si jambo dogo: Ubelgiji, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake zaidi ya 100 waliharibika figo kwa sababu mzizi mmoja wa Kichina ulibadilishwa na mwingine wenye jina la kufanana.

Halafu huo uchovu. Homa ya mapafu huwaacha wazee dhaifu kwa wiki kadhaa, na antibayotiki huvuruga tumbo. Lakini kushindwa kufika bandani kunaweza kuwa upungufu wa damu, au moyo. Apimwe wingi wa damu, choo kwa ajili ya H. pylori (bakteria wa vidonda vya tumbo), na mwangalie miguu kama imevimba. Tafadhali usisubiri supu.

Kijana_Monduli
Kwetu ni magome ya mti wa olkiloriti kwenye supu ya mbuzi, nyama inashuka vizuri na mwili unachangamka. Lakini hapa namuunga mkono nesi.

BintiWaKibosho
Mungu awabariki. Nimemwaga mezani: mingi ina vile vinundu, ila kuna vipande bapa vya manjano, nimevitenga. Miguu ya baba imevimba kidogo jioni hii. Kesho alfajiri tunashuka naye mjini, na dawa zake na kifurushi nabeba daktari avione.

NesiWaZamu
Hiyo miguu mtajie daktari kabla ya kitu kingine chochote. Usiku huu alale kichwa kimeinuliwa kwa mito, na pumzi zikimbana usingoje alfajiri.