Vyanzo vya historia ya Visiwa vya Mafia: nianzie wapi?

Bweni84
Wakuu, habari za jioni. Nakusanya historia ya Visiwa vya Mafia, tangu enzi za miji ya kale ya Kua na Kisimani hadi uhuru, ili kiandikwe kijitabu cha Kiswahili cha shule za wilaya. Mtandaoni kuna aya zilezile zinazonakiliwa kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine, hazitaji zilikotoka. Nikiandika "Mafia" kwenye injini ya utafutaji napata majambazi wa Sicily. Nyaraka zenyewe ziko wapi, na mtu asiyejua Kijerumani wala Kiarabu afanyeje?

KaratasiKuukuu
Mkuu, kabla ya kufungua jalada lolote, pata kwanza jibu la swali hili: mwaka unaoutafuta, Mafia ilikuwa chini ya nani? Jibu ndilo litakalokwambia nyaraka ziko mji gani.

Kabla ya 1890 visiwa vilikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, kwa hiyo nenda Nyaraka za Taifa Zanzibar, pale Kilimani. Majalada ya ubalozi wa Uingereza yana alama AA. Mwaka 1890 Mafia ikaingia Ujerumani pamoja na pwani ya Tanganyika. Januari 1915 Waingereza wakaiteka, na Julai mwaka huohuo wakaitumia kuisaka manowari ya Kijerumani Königsberg iliyokuwa imejificha kwenye delta ya Rufiji. Mwaka 1922 ndipo ikaingizwa rasmi Tanganyika. Hiyo miaka saba ya katikati ndiyo inayowapotezea watu muda: wanaitafuta kwenye majalada ya Dar es Salaam, wasipoiona wanaandika kwamba hakuna nyaraka. Itafute Zanzibar, na London, Nyaraka za Taifa za Uingereza pale Kew, katika mkusanyiko wa ADM 137 kwa habari za vita. Tangu ilipoingizwa Tanganyika, barua za serikali zilizokwenda London ziko CO 691. Kule Kew ukifika na kamera yako unapiga picha bila kulipa.

Dar es Salaam, Nyaraka za Taifa ziko Upanga. Majalada ya Kijerumani yanaanza na herufi G. Omba pia vitabu vya wilaya, vile ambavyo mabwana shauri (wakuu wa wilaya wa kikoloni) waliandika historia ya mahali, orodha za majumbe na ugomvi wa ardhi. Utavisoma kwenye filamu ndogo (microfilm). Visome kwa makini, maana bwana shauri aliandika alichoambiwa na wale waliokuwa karibu na ofisi yake, na yule aliyemfuata mara nyingi alinakili tu. Ukiona maelezo yaleyale kwenye kurasa tatu, usihesabu mashahidi watatu.

Nenda na barua ya utambulisho kutoka taasisi. Mtafiti asiye raia aanze na kibali cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia), na akiombe mapema kabla hajakata tiketi.

Wino_wa_Kale
Naongezea la majina, kwa sababu hapo ndipo utafutaji wa kompyuta unapokwama. Andika "Monfia" na utaona tofauti, maana ndivyo Wareno na Waingereza wa zamani walivyoiita. Wajerumani waliandika kwa sauti zao: Chole ni Tschole, Zanzibar ni Sansibar, Kisimani ni Kissimani. Kwa kisiwa cha Juani jaribu Dschuani na Djuani pia. Chole itafute sana, kwani kisiwa hicho ndicho kilichokuwa makao ya Wajerumani kabla hayajahamishiwa Kilindoni.

Nyaraka za wizara ya makoloni ya Ujerumani ziko Bundesarchiv (Nyaraka za Taifa za Ujerumani), Berlin, mkusanyiko R 1001, na unaweza kuzisoma bure kwenye mfumo wao wa mtandaoni wa invenio. Tatizo ni mwandiko. Hata Mjerumani wa leo hausomi ule mwandiko wa mkono wa zamani bila kujifunza. Programu ya Transkribus huubadilisha kuwa maandishi ya kawaida, kisha unatafsiri. Kabla hujaipa kurasa mia, ijaribu kwa kurasa tano na ulinganishe majina ya watu na vijiji herufi kwa herufi, kwani hayo ndiyo inayoyaharibu zaidi.

Msafiri Mwaustria Oscar Baumann alichapisha kijitabu cha Kijerumani juu ya kisiwa cha Mafia mwaka 1896, kimepigwa chapa, hakihitaji hangaiko hilo. Anza nacho. Picha za enzi hizo zitafute kwenye hifadhi ya Chama cha Kikoloni cha Ujerumani, Chuo Kikuu cha Frankfurt.

Bweni84
Ahsanteni sana. Je, yaliyoandikwa na wenyeji? Sitaki kijitabu kizima kiwe sauti ya bwana shauri.

MwanaChole
Yapo, ndugu yangu, na una haki ya kuyadai. Jarida la Tanganyika Notes and Records la 1941 lina historia na mapokeo ya Mafia yaliyokusanywa na Kadhi Amur Omar Saadi, yakatafsiriwa na D. W. I. Piggott. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kitengo cha Afrika Mashariki, ndiyo ya kuendea. Hapohapo omba ripoti ya mwanaakiolojia Neville Chittick ya 1961 juu ya uchimbaji wa Kisimani, maana bahari imekwishaula sehemu kubwa ya mji ule, na baadhi ya aliyoyaandika huwezi tena kuyaona kwa macho. Pitia pia gazeti la Mambo Leo, lililoanza 1923, kwenye habari za miji.

Maandishi ya mwanaanthropolojia Pat Caplan, aliyeanza utafiti kaskazini ya Mafia mwaka 1965, ni ya lazima kwa mambo ya ukoo na ardhi. Ila kijiji anachokiita "Minazini" ni jina la kubuni, usilitafute kwenye ramani.

Hati za mashamba na nasaba zilizomo majumbani mara nyingi ni Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Ukimpelekea msomaji wa Kiarabu asiyejua Kiswahili atakosea, kwa sababu mwandishi wa zamani alitumia herufi za Kiarabu tupu: "p" huandikwa kwa be, "ch" kwa shini, "v" kwa fe, na "n" iliyo mbele ya "d" huachwa. Chole inasomeka "Shole", Kilindoni "Kilidoni". Mtafute mwalimu mzee wa chuo cha Kurani anayejua pia majina ya mitaa. Hati usiichukue, hata ukipewa. Ipige picha hapohapo mbele ya mwenyewe, kwa mwanga wa dirisha, bila flashi, na nakala umrudishie.

Mwaka wa Hijria ubadilishe hivi: gawa kwa 33, jibu litoe kwenye mwaka wenyewe, kisha ongeza 622. Mwaka 1237 unakupa 1821 na kitu, kwa hiyo andika "1821/22". Ukiandika mwaka mmoja tu unaweza kukosea.

KaratasiKuukuu
MwanaChole kamaliza upande huo. Kwa masimulizi, anzia kwa Katibu Tawala wa Wilaya, kisha mtendaji wa kata, kisha wa kijiji. Ukiruka ngazi moja, wazee watakaa kimya, na watakuwa na sababu. Kila rekodi ianze kwa tarehe, mahali na ridhaa ya msimulizi kwa sauti yake. Kile kisa cha kale cha ugomvi wa kushua jahazi kati ya watu wa Kua na wa Kisimani kirekodi kwa wasimulizi wa pande zote mbili, na usichanganye matoleo kuwa kisa kimoja. Wazee wakikosa mwaka, uliza lilitokea kabla au baada ya vita vya Mjerumani.

Magofu ya Kua yako Juani, ndani ya hifadhi ya bahari, kwa hiyo kuna kiingilio. Ukivuka kutokea kijiji cha Utende muulize nahodha habari ya maji kabla hujapanga siku, kwani maji yakitoka mashua inakaa mchangani. Vigae usiokote hata kimoja. Kikishaondoka pale kilipolala, hakisemi tena kilitoka tabaka gani.

Wino_wa_Kale
La mwisho, Bweni84: kila jalada, picha ya kwanza iwe gamba lake lenye namba, ndipo kurasa zifuate. Picha mia nne zisizo na namba ya jalada huwezi kuzitaja popote.